Kibati Namba 217

Makaoni, 9 Januari

Mjomba mpendwa,

Shikamoo, wewe na mkaza mjomba. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu yako imenichosha. Ukipokea unasema hunisikii. Nikipiga kwa mkaza mjomba anasema umetoka, na nyuma yake nasikia kikohozi chako. Barua haikohoi, nikaona labda tutaelewana zaidi hapa.

Sisi tuko salama. Binti yangu ameanza kidato cha kwanza wiki hii na tayari ananisahihisha ninavyoongea. Hapa kwenye makao yetu ya wanyama tumefikisha mbwa arobaini na sita, punda wawili, paka ambao hawakubali kuhesabiwa, na mbuzi mmoja aliyeachwa kwetu "kwa siku mbili tu" mwaka juzi. Stuli, yule mbwa wangu wa miguu mitatu, amejifunza kufungua mlango wa stoo ya unga. Mama Sufuria, anayewapikia, anasema mmoja wao ataondoka, yeye au Stuli, na amenipa mpaka mwisho wa mwezi nichague.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Mwezi Novemba mtoto wa shule aliumwa na mbwa wa mtaani karibu na soko. Alichomwa sindano zote, amepona, lakini mji mzima umeingiwa na hofu. Tarehe 20 Mei baraza la mji litakaa kuamua kama warudishe utaratibu wa zamani wa kuua mbwa mitaani. Afisa wa Afya, kijana nadhifu mwenye tai, alisimama kwenye kikao cha matayarisho akasema: "Enzi za Bwana Mbwa mitaa ilikuwa safi." Ndivyo alivyokuita, Mjomba. Nusu ya ukumbi wakaitikia kwa vichwa, hata wale ambao enzi hizo hawakuwa wamezaliwa.

Uamuzi huo ukipita, na kibali cha makao kinafutwa. Mbwa asiye na mwenyewe atakuwa mbwa wa kuuawa popote alipo, hata ndani ya uzio wangu. Wote arobaini na sita, pamoja na Stuli. Nilimuuliza Afisa kama ana takwimu za enzi hizo anazozisifu. Akasema mafaili yalikuwa kwenye stoo iliyovuja paa, yakaoza yote.

Lakini wewe uliandika. Tulipokuwa tukiishi kwenu nilikuwa nakuona kila jioni mezani, umenawa, umechana nywele, unaandika tarehe kwanza na kuipigia mstari kwa rula. Nakuomba madaftari hayo. Naamini yataonyesha kwamba kila mwaka uliua na kila mwaka mbwa walirudi kuwa wengi vilevile. Sisi tunawachanja na kuwafunga kizazi, tunamkata kila mmoja ncha ndogo ya sikio ili ajulikane, kisha tunamrudisha mtaani kwake. Mikanda ya shingoni hatutumii kabisa. Watu wakiuliza kwa nini, nawajibu kwamba sikio halivuliki.

Mpwa wako


Nyumbani, 2 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Moja chukua wewe, nyingine mpe binti yako, na mwambie akiona kosa katika barua hii anirudishie kwa kalamu nyekundu. Barua yako ya tarehe 9 Januari niliipokea tarehe 19, saa nne na nusu asubuhi. Kikohozi ulichokisikia ni cha jirani.

Huku ni wazima, isipokuwa goti la mkaza mjomba wako, ambalo sasa linatabiri mvua kuliko redio. Lilisema Jumanne, ikanyesha Jumanne. Nimepaka chokaa ukuta wa uani, mara mbili, na mara ya pili ndiyo iliyoshika. Kuku mmoja ameacha kutaga tangu tarehe 24, lakini bado anakuja kula kama mtu ambaye hajaharibu kitu. Tangu tuhamie mji huu sijawahi kuona kuku mkavu wa macho kama huyu.

Habari za Stuli zimenifurahisha. Kitasa cha kubonyeza hata mbuzi wako atakifungua. Weka cha kuzungusha.

Kuhusu madaftari. Yamo kwenye sanduku la bati, sanduku liko chini ya kitanda, na kitanda ni cha mbao za zamani, kizito. Halafu mambo yale ni ya miaka mingi. Niliagizwa, nikafanya, nikastaafu. Sidhani kama waheshimiwa wa baraza watapenda kusomewa mwandiko wangu. Huyo Afisa wa Afya mwambie kwamba Bwana Mbwa hakusafisha chochote, na kwamba umeyasikia hayo kutoka kwa Bwana Mbwa mwenyewe. Naona hilo linatosha.

Umesema mikanda hamtumii. Nimeisoma sentensi hiyo mara kadhaa. Sina swali, nasema tu kwamba nimeisoma.

Mjomba wako


Makaoni, 17 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Kitasa tumekibadilisha. Stuli alikaa mbele yake kutwa nzima kama mtu aliyeachishwa kazi bila barua. Mama Sufuria amebaki, na sasa anamhurumia, anampa ukoko wa chini ya sufuria. Binti yangu anasema barua yako haina kosa hata moja, na kwamba hilo lenyewe linatia shaka.

Halitoshi, Mjomba. Nikisimama mbele ya baraza nikasema "mjomba wangu ameniambia," watacheka, na watakuwa na haki ya kucheka.

Na kuhusu kitanda, nimeongea na mkaza mjomba. Anasema ulikisogeza mwenyewe Desemba, ukiwafuata sisimizi mpaka ukutani, na kwamba alikukataza ukamwambia, "Kitanda gani hiki, kama kiti." Kwa hiyo uzito wake umeongezeka ndani ya miezi miwili.

Najua unadhani nataka kukuhukumu. Makao haya yana miaka kumi na tatu na sijakuuliza hata siku moja kuhusu kazi yako ile. Nikiwa darasa la pili wenzangu walikuwa wakinikwepa kwa sababu ni mpwa wa Bwana Mbwa. Sasa mimi mwenyewe naitwa Mama Mbwa. Ukoo wetu haukosi cheo.

Wala usidhani ni kwa ajili ya Soksi. Nilikuwa na miaka minane, naye alikuwa mbwa mwenye miguu myeupe na akili kidogo. Akatoroka, yakaisha. Ninachotaka ni namba. Kama hutaki madaftari yatoke nyumbani, basi ninakilie. Ni wewe tu uliyekuwa ukihesabu. Wengine wote wanakumbuka wanachotaka kukumbuka.

Mpwa wako


Nyumbani, 21 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako ya 17 Februari ilifika tarehe 25. Nimechelewa kwa sababu nilikuwa nikifanya ulichoniomba. Kitanda kilisogea.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi thelathini na nane, mbili kwa kila mwaka, miaka kumi na tisa. Nimenakili kila siku ya kazi kwa tarehe na idadi, na jumla ya kila mwezi chini yake kama nilivyoiandika wakati ule. Mkaza mjomba wako alikuwa akinisomea kwa sauti mpaka mwaka wa nne, kisha akasema macho yanamuuma, akaenda kukaa uani. Sikumwita tena.

Mwaka wa kwanza ni 412. Mwaka wa kumi ni 430. Mwaka wa mwisho ni 427. Nilikuwa nazijua namba hizi moja moja, sikuwahi kuziweka pamoja mezani. Nilipoziweka nilizijumlisha tena mpaka chai ikapoa. Miaka kumi na tisa, mpwa wangu, na mwaka wa mwisho walikuwa wengi kuliko wa kwanza.

Kwa kuwa hukuwahi kuuliza, nikuambie kidogo. Tulikuwa wawili, mimi na dereva wa trekta la taka. Tulianza kukipambazuka, kabla watoto hawajatoka kwenda shule. Amri ilikuwa fupi na ilimfaa mtu kama mimi: mbwa mwenye kibati cha baraza shingoni asiguswe, asiye na kibati aondolewe. Hapakuwa na cha kufikiri. Nilijifunza kulenga vizuri ili nisimpige mnyama mara mbili, na hilo ndilo jema pekee ninaloweza kulisema juu ya mkono wangu.

Watu waliona naandika wakadhani najivuna. Niliandika kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa anaandika. Kitu kilichokuwa hai asubuhi, niliona kinastahili angalau mstari mmoja jioni.

Karatasi hizi zitumie. Kuku ameanza kutaga, mayai madogo.

Mjomba wako


Makaoni, 4 Aprili

Mjomba,

Shikamoo na asante. Bahasha yako niliifungulia mezani kwa Daktari, anayekuja kutuchanjia mbwa kila Jumanne. Alisoma karatasi tatu za kwanza akavua miwani, akasema, "Huyu mzee angekuwa ofisini kwetu tusingepotewa na kitu." Punda mdogo amepona kwato. Binti yangu amekuwa wa tano darasani na anadai wa nne aliibia.

Tulikaa siku mbili, Daktari na mimi, tukijumlisha kila mwezi ili Afisa wa Afya asipate pa kushika. Miezi yote mia mbili ishirini na minane inakubaliana, isipokuwa mmoja. Agosti ya mwaka wa kumi na moja. Ukijumlisha siku zake unapata 38. Chini umeandika jumla 39.

Kwanza nilidhani umechoka. Halafu nikasema, yule mzee anayeandika saa ambayo barua imemfikia, achoke mahali pamoja tu? Nikarudi kwenye tarehe. Kuna 13, kuna 15. Kumi na nne haipo. Ilikuwa Jumanne, na Jumanne zote mlifanya kazi.

Kama mimi nimeliona pengo hilo, Afisa ataliona. Atasema nakala ya mzee si kamili, na pengo moja litatosha kuzitupa karatasi zote thelathini na nane. Nahitaji daftari lenyewe la mwaka huo. Nalihitaji kwa ajili ya baraza.

Lakini siwezi kujifanya ni kwa ajili ya baraza tu. Soksi alipotea Agosti ile. Tarehe sikuishika, nakumbuka tu shule zilikuwa zimefungwa na nilikaa kwenye ngazi za nyuma nikimsubiri. Uliporudi ulienda moja kwa moja kwenye ndoo ya bluu kunawa mikono. Nikakuuliza, "Mjomba, umemwona Soksi?" Ukasema, "Sijamwona." Halafu ukanawa tena, ingawa mikono ilikuwa safi.

Umeiacha siku hiyo kwa ajili yangu au kwa ajili yako? Sijui nitamani jibu lipi.

Mpwa wako


Makaoni, 28 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Sijapata barua. Mkaza mjomba akipokea simu anasema, "Anafikiri," kama mtu anayesema mgonjwa amelala. Zimebaki siku ishirini na mbili. Juzi Afisa wa Afya alikuja kupima uzio wetu kwa futi ya fundi. Alipima pia vibanda, akaandika idadi ya mbwa. Nilimuuliza kwa nini anahesabu kabla ya uamuzi, akasema ni maandalizi.

Nimekasirika, lakini si sana kiasi cha kutotaka kusikia.

Mpwa wako


Nyumbani, 6 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako ya tarehe 4 Aprili ilifika tarehe 12. Niliisoma mara moja tu. Ya tarehe 28 imefika jana.

Mkaza mjomba wako hakunisemesha kuanzia Jumatatu. Jana asubuhi yote alikuwa akikung'uta mikeka karibu na kiti changu kwa makusudi. Hatimaye akasema, "Mzee, unamlinda nani? Mtoto mwenyewe ana miaka arobaini." Nikamwambia hajui anachozungumza. Akasema, "Najua sana. Ni mimi niliyekwenda kumnunulia kamba ya kiatu." Nilikuwa sijui kwamba anajua. Tumekaa nyumba moja miaka yote hiyo.

Nakala yangu ilikuwa na pengo kwa sababu nilipofika siku ile niliiruka. Lakini nilipofika kwenye jumla mkono ulikataa kuandika 38. Sijawahi kuandika jumla ya uongo. Basi nikaiacha 39 ilivyo, nikajiambia hakuna atakayejumlisha. Nilisahau nani alikufundisha kujumlisha.

Hii ndiyo siku niliyoiruka, neno kwa neno:

"14 Agosti, Jumanne. Mawingu. Mmoja tu. Mbwa jike, mweusi, miguu minne myeupe. Hana mkanda wala kibati. Nyuma ya ghala la mbao, hatua sitini, saa kumi na mbili kasorobo. Nilipofika karibu nikamtambua."

Mwandiko wa sentensi ya mwisho ni mbaya. Utauona mwenyewe.

Sasa soma ya siku mbili baadaye. Hii ndiyo niliyokuficha kweli:

"16 Agosti, Alhamisi. Watatu. Pia nimeona dume kubwa, koko, wa kahawia, sikio la kushoto limechanika. Amevaa mkanda mwekundu wa Soksi, kibati namba 217. Mkanda haukumtosha, umeongezwa kwa kamba nyeupe ya kiatu cha shule, fundo la mara mbili. Ana kibati. Sikumgusa."

Mkanda ule niliununua mimi. Namba ya kibati niliigonga mimi mwenyewe kwa nyundo pale ofisini. Na fundo lile la mara mbili nilikufundisha mimi siku unaanza darasa la kwanza. Jumatano, tarehe 15, ulikuja mezani kiatu kimoja kikikuvuka, ukasema kamba imepotea.

Kwa hiyo nilijua. Ulikuwa umenisikia nikisema mezani kwamba mwenye kibati haguswi. Ukamwona koko yule, ukamhurumia, ukampa kibati cha Soksi. Soksi ulimwona yuko salama kwa sababu ni wetu, na mwenye bunduki ni mjomba wako, atamjua. Na nilipaswa kumjua. Mawingu na hatua sitini si udhuru. Nilikuwa natafuta kibati, sikuwa naangalia mbwa.

Umeuliza kama niliificha siku hiyo kwa ajili yangu au kwa ajili yako. Pale kwenye ndoo, jioni ya tarehe 14, nilikudanganya kwa ajili yangu, maana sikujua bado kwa nini hakuwa na mkanda, na niliona aibu. Kuanzia tarehe 16 nilikudanganya kwa ajili yako. Ni yote mawili, kwa utaratibu huo. Ningesema nimempiga Soksi, ungeuliza kwa nini na ana kibati, na mimi nisingeweza kumweleza mtoto wa miaka minane kwamba ameokoa mmoja kwa akili yake mwenyewe na amempoteza mwingine kwa akili hiyohiyo.

Ulipofungua makao niliogopa zaidi. Nikasema, amejenga nyumba nzima juu ya siku ile bila kujua iko chini. Nisiiguse.

Daftari namba kumi na moja linakuja pamoja na barua hii, kwa mkono wa fundi saa anayesafiri kuja huko Alhamisi. Sijachana ukurasa. Yaliyobaki yako tayari. Afisa akiyataka, aje ayasome hapa, chai ipo. Na kama ukiona ni bora usilisome daftari mbele ya watu, litumie kwa namba tu, ukurasa ule ukae nao mwenyewe. Uamuzi huo sasa ni wako. Mimi nimeushika miaka thelathini na miwili na mkono umekufa ganzi.

Mjomba wako


Makaoni, 23 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Shikamoo tena.

Fundi saa alileta daftari Ijumaa, limefungwa kwa gazeti na kamba, fundo la mara mbili. Nilikaa nalo kwenye stoo ya unga kwa sababu ndiyo yenye mlango ambao sasa haufunguliwi na mbwa. Stuli alikaa nje, akawa anapumua chini ya mlango.

Nikuambie nusu yangu. Sikujua kwamba unaijua, kama wewe na mkaza mjomba mlivyokuwa. Nilimvua Soksi mkanda Jumatatu jioni, nyuma ya lile ghala. Kibati kiliacha alama kwenye kidole changu kwa kushikwa sana. Alipopotea nilijua nimefanya kitu. Siku nyingine nilisema amechukuliwa na mtu kwa sababu hana alama. Siku nyingine nilisema ameondoka kwa wivu, kwa kuwa nimempa mwingine kitu chake. Nilikuwa nachagua kati ya hayo mawili kulingana na siku ilivyo. La tatu, kwamba ni wewe, nililijua vilevile, ila sikulipa kiti.

Unadhani kwa nini hatutumii mikanda? Daktari nilimwambia ni suala la usafi. Wewe ndiye mtu pekee aliyeisoma sentensi ile mara kadhaa.

Ulikuwa ukinilinda nisijue nilichomfanyia Soksi. Mimi nilikuwa nakulinda usijue kwamba ni mimi niliyekufanya usimtambue asubuhi ile. Tumekaa meza moja tukila kimya, kila mtu akimwonea huruma mwenzake.

Sasa baraza. Afisa wa Afya aliliona pengo, kama nilivyosema. Alisimama na karatasi ya Agosti akasema, "Waheshimiwa, mzee ameruka siku moja. Tutajuaje hakuruka mia?" Nikatoa daftari. Akasema nisome mwenyewe. Mjomba, nilikuwa na nafasi ya kusoma namba tu na kukaa. Nilisoma tarehe 14 yote, kisha nikasoma tarehe 16 yote, pamoja na kamba ya kiatu.

Diwani mmoja, mama anayeuza nguo sokoni, akauliza, "Na huyo aliyembadilishia mbwa mkanda ni nani?"

Nikasema, "Ni mimi. Nilikuwa na miaka minane. Mpigaji ni mjomba wangu."

Hakuna aliyecheka. Yule mama akasema polepole, "Kwa hiyo huyo ndiye Bwana Mbwa tunayeambiwa turudi kwake. Mwenyewe alimpiga wa kwake na bado mwaka uliofuata hawakupungua." Afisa alikunja karatasi yake mara nne.

Kura zilikuwa kumi na moja kwa tisa. Si ushindi wa kupiga vigelegele. Kuua kumewekwa pembeni kwa mwaka mmoja. Tutachanja kata mbili, kisha mbwa watahesabiwa. Makao yanabaki na kibali kwa mwaka huo. Mama wa mtoto aliyeumwa alinifuata mlangoni, akasema, "Daftari lenu nimelisikia. Lakini mwanangu bado anazunguka njia ndefu kwenda shule." Nilimwambia nitaanza na mtaa wake, na Jumanne hii tunaanza nao.

Nina swali moja, kisha sitakusumbua. Desemba ile Mama alituhamishia mji mwingine, nikarudi nikiwa mkubwa, na yule wa kahawia sikumwona tena. Nilimpa kitu cha Soksi, na mpaka leo sijui kama kilimsaidia hata wiki moja. Uliwahi kumwona?

Mpwa wako


Nyumbani, 10 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba, ndefu. Barua yako imefika tarehe 4. Nimeisoma kwa sauti, mkaza mjomba wako ameisikiliza yote, hakwenda uani. Anauliza kama huko kwenu kuna kitanda chepesi, maana anataka tuje Julai amwone huyo Stuli. Goti limesema Julai hakuna mvua.

Umenisomea mbele ya watu. Nilidhani nitaumia zaidi.

Swali lako. Madaftari yangu, ukiacha mstari ule wa tarehe 16, yana mbwa waliokufa tu, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Lakini pembeni mwa baadhi ya kurasa kuna maneno ya penseli ambayo sikuyanakili, kwa sababu hayakuwa hesabu. Nimeyatafuta yote kwa siku tatu. Ni mengi. Nakuandikia haya machache.

"Mwaka wa kumi na mbili, 3 Novemba. 217 nyuma ya bucha. Kamba ya kiatu inakatika. Nimemfungia nyingine. Alikubali kushikwa."

"Mwaka wa kumi na tatu, 22 Aprili. 217 chini ya gari la posta, mvua kubwa."

"Mwaka wa kumi na sita, 9 Septemba. 217 amenenepa. Kuna mtu anamlisha." (Mtu huyo ni mkaza mjomba wako. Nimeambiwa leo hii nikiwa naandika.)

"Mwaka wa kumi na nane, 30 Januari. Dereva alinionyesha mbwa juu ya rundo la mchanga, akasema yule pale. Nikamwambia ana kibati. Akasema hakioni. Nikasema mimi nakiona."

"Mwaka wa kumi na tisa, 11 Juni. 217 langoni mwa shule ya msingi, amelala juani. Mdomo umekuwa mweupe. Kibati kimefutika kabisa, namba naijua tu."

Hiyo ni siku tatu kabla sijastaafu. Nilirudisha bunduki, nikafunga daftari, sikuandika tena. Kwa hiyo alikufa lini na wapi, sijui. Mbwa wote walioandikwa humo wana tarehe yao. Yeye hana. Jana nimepitia tena, ukurasa kwa ukurasa, nikifuatisha kwa rula, na tarehe yake haimo.

Mjomba wako